Mashini bila mtu wake: juu ya kazi ya kusaidia masomo kwa ordinateri



Ukipita katika njia za Bungulu, moja ya komini nne za mji wa Beni, utaona vibanda vidogo vingi. Juu ya kibanda kuna plaki ya jua. Ndani kuna ordinateri moja, mashini ya kuchapa, na nyuzi za kutia moto katika telefone. Kijana anayekaa pale mara nyingi ana diploma ya Leta, pengine amesoma informatika miaka mitatu. Kutwa nzima anatoa fotokopi na kuandika barua za watu. Ni kazi safi, hatuidharau. Lakini si kazi aliyoisomea.

Sasa tuwaze nyumba moja ya masomo isiyo mbali na kibanda kile. Ndani yake kuna chumba chenye kufungwa kwa kufuli. Miaka minne iliyopita marafiki wa ng'ambo walileta ordinateri kumi. Siku ya kuzipokea watoto waliimba, na picha zilipigwa. Mwaka wa kwanza zilitumika. Mwaka wa pili mbili zilikufa, gurupu ilikosa esansi, na mwalimu aliyejua kuziwasha alihamia mahali pengine. Leo ufunguo uko kwa mkubwa wa masomo, naye hafungui, maana anaogopa kuulizwa juu ya kitu kitakachopotea. Nyumba hiyo hatuitaji jina, kwa sababu ni mfano tu. Lakini wengi kati yenu mtasema: «Tunaijua.»

Basi, kuna kijana anayekosa kazi, na kuna kazi inayokosa mtu. Wanakaa jirani, wala hawaonani. Tunataka kufasiria kazi hiyo ni nini, namna gani kijana anaweza kuingia ndani yake, na kwa nini wale watakaosimamia masomo ya paroki wanapashwa kuifikiri mbele ya kununua mashini hata moja.

I. KAZI HII NI NINI?

Watu wengi huwaza kwamba ni kazi ya fundi tu: kuwasha, kuzima, kutengeneza kilichovunjika. Fundi ni wa lazima, lakini ni sehemu moja. Tukiangalia vema, tutaona kazi tatu.

Ya kwanza ni ya mtunza vyombo. Yeye anajua hesabu ya vyombo vyote, anaandika katika kaye nani amechukua nini, anapangusa vumbi, anaangalia bateri, anafukuza virusi vya mashini. Mtu wa namna hii anafanana na sakristano: kama anafanya kazi yake vema, hakuna anayemwona, kama hayuko, kila kitu kinakwama.

Ya pili ni ya mshauri wa walimu. Yeye hafundishi mahali pa mwalimu, bali anakaa karibu naye. Tuchukue mfano. Mwalimu wa kalasi ya tano ana watoto 70, naye anataka kufundisha sehemu za hesabu: nusu, robo, theluthi. Kuna tableti kumi. Akiwagawia ovyo, watakuwa na fujo saa nzima. Mshauri anamwambia: «Weka watoto saba kwa tableti moja. Nusu ya kalasi waangalie picha ya mkate unaokatwa, nusu nyingine wakate karatasi kwa mikono yao. Nyuma ya dakika ishirini wabadilishane. Mwishoni uwaulize wote kwa ubao mweusi.» Hapo mashini imepata mahali pake: imesaidia fundisho, haikuliiba. Na mshauri anarudi nyuma ya juma moja kusudi aulize: watoto wameshika nini, nini imewashinda?

Ya tatu ni ya mtunga mafundisho. Mafundisho mengi yaliyo tayari katika mashini yametungwa Paris, Nairobi ao Dar es Salaam. Mtoto wa Bungulu akisikia «darasa» na «shilingi», atasimama kidogo. Yeye anajua «kalasi» na «franka», na nyumbani pengine anasema Kinande. Sheria ya masomo ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inakubali lugha zetu kuwa lugha za kufundishia mwanzoni mwa masomo ya msingi. Basi, sharti awepo mtu wa kuchagua fundisho, kulipima na programu ya serkali, kubadili maneno, kurekodi sauti ya mwalimu wa hapa, na kutia mifano ya kahawa, kakao na soko la Beni mahali pa mifano ya theluji.

Katika inchi tajiri kila moja ya kazi hizi ina mtu wake na mshahara wake. Kwetu mara nyingi mtu mmoja atafanya zote tatu. Lakini ajue kwamba ni tatu, kusudi asijifungie katika ile ya kwanza.

II. WENGINE WAMEPATA NINI?

Pengine mtu atauliza: «Je, si afadhali kuleta mashini kwanza, na mambo mengine yatafuata?» Tuangalie waliofanya hivyo.

Inchi ya Peru, Amerika ya Kusini, ilinunua ordinateri ndogo za watoto karibu 900,000, kwa wazo la kumpa kila mtoto yake. Mwaka 2012 wapimaji wa Banki ya Maendeleo ya Amerika walitoa habari ya uchunguzi wao katika nyumba 319 za masomo ya vijijini. Nyuma ya miezi kumi na tano hivi, watoto waliopata ordinateri hawakuwapita wenzao, wala katika hesabu wala katika lugha. Vyombo vilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ile ile.

Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kugawa tableti katika masomo ya msingi, na hesabu yake ilipita milioni moja. Lakini mbele ya kugawa, serkali ilipashwa kufikisha umeme kwa nyumba za masomo zaidi ya 20,000, na kuwafundisha walimu kwa maelfu. Hapo tunaona kwamba bei ya chombo si bei yote. Chombo ni mlango tu. Nyumba iko nyuma yake.

Sasa tuangalie njia nyingine. Mwaka 2006 wakubwa wa inchi zenye kutumia Kifaransa walikutana Bucharest, na pale likazaliwa wazo la IFADEM, maana yake kuwafundisha walimu wa masomo ya msingi kwa njia ya mbali. Nyuma ya majaribio katika Benin, Burundi, Haiti na Madagaska, IFADEM ilifika pia Kongo yetu, kuanzia Katanga. Mwalimu anabaki katika kalasi yake. Anapata vitabu vidogo vya kujisomea, na kuna chumba chenye ordinateri anachoweza kukiendea. Lakini zaidi ya hayo, amewekewa tutere, mtu mwenye ujuzi anayewakusanya walimu, anayesahihisha kazi zao na kuwatia moyo.

Vilevile katika makambi ya wakimbizi. Tangu mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Vodafone Foundation wameweka vyumba vya tableti katika masomo ya wakimbizi, kwa mfano Kenya, katika Kongo upande wa Ubangi, na Nyarugusu ya Tanzania, ambako wakimbizi wengi ni Wakongo. Sanduku lao lina tableti, bateri, projektere na spika. Lakini pamoja na sanduku wanaweka mtu anayeitwa koche. Yeye anatunza chumba na kuwasaidia walimu. Walielewa kwamba sanduku bila koche litakuwa sanduku tu.

III. KWETU BENI

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji yamewatawanya watu wa Beni mara nyingi; watoto wanakimbia, masomo yanafungwa, walimu wanahama. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serkali ilitangaza ugonjwa wa Ebola, na ilipatikana tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ndipo ulitangazwa umekwisha. Katikati ya taabu ile, mwezi wa 3 mwaka 2020, masomo yote ya Kongo yalifungwa kwa sababu ya Covid. Kalasi za mwisho zilirudi mwezi wa 8, wengine mwezi wa 10. Serkali ilitoa mafundisho kwa radio na televisheni. Wenye radio walisikia kitu; wengine wengi walikaa bure. Na hata aliyesikia hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mtoto aliyekimbia mara mbili katika mwaka mmoja hana lazima ya mashini nzuri. Ana lazima ya kuendelea pale alipoachia. Ordinateri kumi za mezani hazikimbii pamoja naye. Lakini leo kuna vyombo vinavyobebeka, na yafaa wasomaji wavijue.

Tangu mwaka 2012 Waingereza wanatengeneza ordinateri ndogo sana, Raspberry Pi, inayoingia katika kiganja cha mkono. Unatia ndani yake kadi yenye vitabu na mafundisho. Kuna programu Kiwix, iliyoanza mwaka 2007: kwa njia yake unaweza kusoma Wikipedia nzima ya Kifaransa bila intaneti hata kidogo. Kuna nyingine, Kolibri, ya mwaka 2017: inashika mafundisho na mazoezi, na mwalimu anaweza kuona nani amefanya zoezi na wapi amekosa. Sanduku hili linatoa wifi yake lenyewe, inayofika katika kalasi nzima. Watoto wanaingia kwa tableti ao telefone, wala hawanunui mega. Likitokea jambo, mtu mmoja analitia mfukoni na kwenda nalo.

Na umeme? Tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa msaidizi wa kweli sharti ajue hesabu hii. Tableti moja inakula wati-saa 20 hivi kusudi ijae. Tableti 15 ni 300. Sanduku dogo linakula wati 5. Kwa saa 8 ni 40. Jumla 340 kwa siku. Plaki ya wati 150, ikipata saa nne za jua jema, inatoa 600. Tukiondoa theluthi moja inayopotea njiani, inabaki 400. Basi plaki moja na bateri moja nzuri zinatosha. Lakini ordinateri kumi za mezani pamoja na vioo vyake, zikila wati 150 kila moja kwa saa nne, ni 6,000. Hapo ungelazimika kuweka plaki 15 za namna ile, ao kununua esansi kila siku. Chumba chenye kufuli kilikufa kwa hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Mtambo wa maji wa Mutwanga, uliojengwa mwaka 2013 chini ya mlima Ruwenzori, umeonyesha kwamba mito yetu inaweza kutoa umeme. Lakini nyaya hazifiki kila mahali. Kwa sasa, katika masomo mengi, jua ndilo lililo karibu.

IV. KIJANA AINGIE KWA NJIA GANI?

Mlango wa kwanza ni wa ualimu. Aliyesoma umanite ya pedagogia anajua tayari kupanga fundisho na kushika kalasi. Aongeze ujuzi wa mashini. Mlango wa pili ni wa informatika; aliyeingia kwa huo anapashwa kujifunza ualimu, na hapo wengi wanaanguka, kwa sababu wanajua kuiamuru mashini lakini hawajui kumngojea mtoto asiyeelewa.

Pa kusomea hapakosekani kabisa. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatolika cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, na kuna ISP ya Muhangi kwa ualimu. Beni kwenyewe kuna UCBC, chuo kikuu cha Wakristo chenye kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu mwaka 2007. Tena programu mpya za serkali za sayansi, kwa kalasi ya 7 na ya 8, zimeunganisha fizika, teknolojia na ujuzi wa ordinateri. Maana yake kila nyumba ya masomo ya sekondari itatafuta mtu wa kulifundisha jambo hili, si kwa maneno ya ubaoni tu.

Lakini cheti hakitoshi. Kijana anayetaka kazi hii ajizoeze mambo manne. Afungue na kufunga mashini mbovu hata aache kuiogopa. Akae nyuma ya kalasi ya mwalimu mzuri juma zima, akiandika anachoona. Atunge fundisho moja la dakika kumi na tano, alijaribu na watoto, alisahihishe, alijaribu tena. Na ajifunze kuandika ripoti fupi ambayo paroko ataielewa. Binti anaweza kazi hii sawasawa na kijana mwanaume. Kuna faida tena: wasichana wa kalasi ya sita wakimwona dada anashika mashini bila woga, nao watashika.

V. MASWALI MATATU

Swali la kwanza: Nani atamlipa?

Jibu: Hili ndilo jambo gumu, wala tusilifiche. Mara nyingi kazi hii haina jina katika liste ya mishahara. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya msingi ya serkali ni bure, kwa hiyo hatuwezi kuwaomba wazazi franka ya mashini kwa mlango wa nyuma. Lakini paroki moja ina nyumba nyingi za masomo. Tuseme ni tano. Mtu mmoja apite kila siku katika nyumba moja. Siku ya sita atengeneze vyombo na kuandika ripoti. Mshahara mmoja umegawanyika mara tano. Vilevile mlango wa chumba unaweza kufunguliwa nyuma ya saa za masomo kwa vijana wakubwa na wafanyabiashara wanaotaka kujifunza, nao walipe kidogo. Na marafiki wa ng'ambo wakiuliza: «Mnahitaji nini?» tusijibu kila mara «mashini». Tujibu: «Mtu kwa miaka mitatu, na vyombo vinavyomtosha.»

Swali la pili: Mashini haitamfukuza mwalimu?

Jibu: Mwaka 2020 watoto walikuwa na radio bila mwalimu, na tuliona matunda yake. Mashini inaweza kurudia fundisho mara mia bila kuchoka. Lakini haioni kwamba mtoto huyu hakula jana, wala kwamba yule mwingine amefiwa na baba yake. Katika Beni, mwalimu asiyeona mambo hayo hafundishi. Mshauri mzuri anampa mwalimu nafasi ya kuona zaidi.

Swali la tatu: Kuna hatari gani?

Jibu: Ziko. Telefone iliyo wazi inaweza kumpeleka mtoto mahali pabaya. Kwa sababu hiyo sanduku lisilo na intaneti ni salama zaidi kwa wadogo. Hatari nyingine haionekani upesi: majina, picha na maksi za watoto. Tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 Kongo ina Sheria ya mambo ya dijitali, nayo inalinda habari za watu. Katika mji ambako watu wametafutwa na kuuawa, liste ya watoto pamoja na makao yao si karatasi ya kuacha ovyo. Msaidizi asiyejua kunyamaza na kufunga vema hafai, hata kama ni fundi mkubwa.

MWISHO

Wandugu waseminari, kesho wengi wenu mtakuwa maparoko na wasimamizi wa masomo. Tangu mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1977 kati ya serkali na makanisa, usimamizi wa masomo mengi umewekwa mikononi mwetu. Siku moja mtu atasimama mbele ya mlango na makarto ya ordinateri. Mumshukuru. Kisha, mbele ya kufungua karto, mwulize mambo matatu: Nani atazitunza na kuwasaidia walimu, jina lake ni nani? Siku gani na saa gani kila kalasi itazitumia? Umeme na vitu vya kubadilisha vitatoka wapi katika mwaka wa tatu?

Kama hakuna jibu la swali la kwanza, yale mengine mawili ni bure. Afadhali tableti tano pamoja na mtu, kuliko ishirini chini ya kufuli.

Nanyi wakatekista, ninyi mnawajua vijana wa mtaa kuliko wote. Mkipita mbele ya kile kibanda cha Bungulu, msiishie kutoa fotokopi. Mwulizeni yule kijana amesoma nini. Pengine ndiye yule ambaye chumba chenye kufuli kinamngojea.